Kwanza tarehe ijulikane

Swali lenu la wiki: ruzuku ya serikali kwa kaya maskini ipande na kushuka kufuatana na kipato cha kaya? Nasema hapana, angalau si mwezi kwa mwezi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa Mbagala, na wengi ninaowaandikia hisa wanaishi kwa deiwaka: saidia fundi, wapara samaki wa Feri, wabeba mizigo wa Kariakoo.

Uingereza wanafanya hicho mnachouliza, kupitia mpango uitwao Universal Credit. Mwajiri anapeleka taarifa ya mshahara mamlaka ya kodi, na ruzuku inapigiwa hesabu upya kila mwezi. Tangu mwishoni mwa 2021, kila pauni ya mshahara baada ya makato inapunguza ruzuku kwa peni 55 (pauni moja ni peni 100). Zamani zilikuwa 63. Wenye watoto, na wale ambao ugonjwa au ulemavu umewapunguzia uwezo wa kazi, huachiwa kwanza kiasi kisichoguswa. Kwa maandishi ni haki kabisa. Saa za kazi zikipungua, ruzuku inapanda.

Tabu ilikuwa kwenye kalenda. Mwezi wa hesabu huanzia siku mtu alipoomba, haufuati siku ya mshahara. Mwajiri akilipa mapema kwa kuwa tarehe imeangukia Jumapili, mishahara miwili ilikuwa ikiingia hesabu moja. Ruzuku ilikatwa vibaya, na kile kiasi kisichoguswa mtu alikipata mara moja badala ya mbili. Akina mama wanne wanaolea watoto peke yao walikwenda mahakamani, na Juni 2020 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Hao wana ajira rasmi na hati ya mshahara kila mwezi!

Huku kwetu Tanzania, mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini hauendi hivyo. Kiasi kinaangalia kaya ilivyo, watoto waliopo, mahudhurio yao shule na kliniki, na malipo yamepangwa kila baada ya miezi miwili. Baba akipata kibarua cha wiki mbili Kigamboni, hakatwi mtu. Hapo nawaunga mkono kabisa. Saidia fundi analipwa mkononi jioni. Nani ataiona hela hiyo? Ukimtaka mkewe aripoti kila shilingi, unamfundisha kuficha.

Yuko mwanachama mwenzetu anayepanga matumizi nyuma ya daftari la mtoto, safu mbili. Ya kwanza ameiandika "hela ya uhakika", ya pili "Mungu akijalia". Anachopata mumewe saiti kiko safu ya pili, na masika safu hiyo inaweza kukaa tupu wiki nzima. Unga, mboga, luku na ndoo za maji vinategemea hiyo. Kodi ya chumba haiwezi, maana mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo ameomba kijumbe, msimamizi wa mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, ampange zamu yake mwezi kodi inapoisha. Ruzuku ya mtu kama huyu lazima ikae safu ya kwanza. Ikichelewa, au ikija pungufu bila taarifa, anakopa kwa Mangi, na ikifika inaishia kulipa deni la duka.

Kama lazima kipato kiangaliwe, basi kiangaliwe kwa mwaka mzima, masika na kiangazi pamoja, na kaya iliyoinuka ipunguziwe kidogo kidogo, iambiwe mapema. Ningependa pia nyongeza ya Machi hadi Mei, mvua inapofunga saiti. Na tarehe za malipo za mwaka wote zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa tangu Januari. Sisi vikundini tungehamisha siku ya marejesho iendane nazo. Kikao kimoja kinatosha.