Nailoni ya grinihausi inachanika mapema, tatizo ni dukani au ni fundi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Makambako, nina grinihausi ya mirunda na mbao, mita 8 kwa 15, nalima nyanya. Nailoni tuliifunga mwezi wa tano alfajiri kabla upepo haujaanza, kufika mwezi wa nane imeshaanza kuchanika kule juu na kwenye misumari. Fundi anasema nimeuziwa feki. Nilinunua ya unene wa maikroni 200 yenye yuvi, yaani dawa ya kuikinga na jua, ndivyo walivyoniambia. Nataka kununua nyingine ila naogopa hela isiende tena.

Jibu: Marahaba, na pole sana. Kabla hujaenda kugombana na mwenye duka fanya kitu kidogo tu, kata kipande pale katikati ya kenchi na kenchi ambapo nailoni haigusi mti wowote, halafu kata kingine palepale ilipokuwa imelalia mbao, vivute vyote kwa mikono. Kama vyote viwili vimekauka vinakatika bila nguvu, ni kweli umepigwa, hiyo haina yuvi au ina ya kudanganyia. Lakini kama cha katikati bado ni laini kinavutika vizuri na kile cha kwenye mbao ndicho kimekufa, duka halina kosa. Kwa jinsi ulivyoeleza kwamba imeanzia kwenye misumari, mimi naona ni ufungaji.

Kwanza hiyo alfajiri. Mwezi wa tano huko kwenu ni baridi kweli, na nailoni ikiwa baridi inasinyaa, mnaivuta mnaona imekaza safi, jua likitoka inatanuka inalegea. Sasa Makambako na upepo wake wa kiangazi, nailoni iliyolegea inapigapiga mbao kutwa nzima, na hakuna maikroni inayovumilia hilo. Wa kule kwenye joto shida yao ni kinyume, wakifunga saa saba mchana inatanuka, usiku inajivuta inachanikia kwenye misumari. Kwako wewe itandue juani kwanza ipate joto, muanze kama saa tatu hivi, na siku ikiamka na upepo ahirisha tu, hata kama vibarua wameshafika. Nailoni ya mita 15 ikishika upepo watu sita hawaizuii.

Pili mbao zenyewe. Nakisia mmepaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, maana karibu kila fundi anafanya hivyo. Oili hiyo ikigusana na nailoni inaiharibu, halafu mti mweusi unashika joto, kwa hiyo pale inapogusa panaiva kabla ya kwingine. Oili iishie kwenye miguu ya mirunda inayoingia ardhini. Huku juu piga randa kingo zote za kenchi zisiwe na ncha, pitisha msasa, gongea ndani kila kichwa cha msumari, kisha paka rangi nyeupe ya maji upande ule utakaogusa nailoni na uiache ikauke kabisa. Wenye grinihausi za bomba za chuma nanyi pakeni hiyo hiyo, chuma kikipata jua la mchana ni pasi.

Kuipandisha juu, usiiburuze chini kwenye mawe. Chukua kitambaa kikunje kama mpira, kiviringishie kwenye pembe ya nailoni, funga kamba hapo, mrushe kamba upande wa pili muivute taratibu. Haitoboki. Angalia maandishi pembeni ya nailoni, mengi yanaonyesha upande wa kukaa nje, usigeuze. Anza kubana kichwa kimoja cha banda, nenda kichwa cha pili mvute kwa urefu, ndipo mje kubana ubavuni mkipokezana kushoto kulia, msimalize upande mmoja wote kwanza maana itakaa upande. Na msumari usipigwe juu ya nailoni tupu hata siku moja! Weka utepe wa mpira wa tyubu, juu yake papi, ndipo msumari. Kama mfuko unaruhusu nunua profaili, yaani mfereji wa kubania nailoni, na waya wake wa zigizagi, ukilegea unafungua unavuta upya bila kutoboa tundu lolote.

Mwisho, pitisha kamba juu ya paa kila baada ya kenchi, uzifunge chini kwenye vigingi. Kwa eneo la upepo kama lako hizo kamba ni lazima.

Swali: Nipo Lushoto. Asubuhi matone ya maji yananyeshea nyanya kutoka kwenye nailoni na majani yameanza ugonjwa wa bakajani. Nailoni ni mpya.

Jibu: Inawezekana imegeuzwa. Nyingine upande wa ndani zina dawa ya kufanya maji yateleze mpaka pembeni badala ya kudondoka, ikikaa nje haina kazi. Hata ikiwa sawa, ukifunga mapazia usiku kucha na udongo umelowa mvuke utaganda tu. Mwagilia asubuhi, acha jioni, na fungua mapazia mapema jua likitoka. Halafu punguza dawa ya salfa, ukiipuliza mara kwa mara inakula nailoni.

Swali: Mambo mtaalamu, nipo Kibaha, nataka kujenga ya nailoni kwa ajili ya nyanya, nianze na ukubwa gani?

Jibu: Poa kaka. Mimi kwako nisingefunga nailoni kabisa. Joto likizidi nyuzi 35 maua ya nyanya yanapukutika, na ukanda huo ndani ya nailoni mchana wa Januari unafika huko bila shida. Jenga banda la neti ya wadudu, na kama unaogopa mvua za masika weka nailoni kwenye paa peke yake, ubavu wote uwe neti, paa liinuliwe mita 4 hivi na liwe na uwazi juu wa kutolea joto. Uwazi huo uupe mgongo upepo, yaani usielekee upepo unakotokea, la sivyo utaingia kwa hapo na kuibeba nailoni yote.