Kwa anayekuja kusoma Mombasa: anza na maji

Mdogo wangu, umeuliza hivi: umepata nafasi chuoni Mombasa, utapanga chumba mtaa wa Tudor na wenzako wawili, pesa ni za kuhesabu, na wataka kujua kama mwanafunzi anaweza kuishi bila kuharibu mazingira au hayo ni mambo ya wenye nacho. Walionitangulia wamekujibu habari za chupa na mifuko. Mimi nimekaa Tudor miaka minne nikisoma, na ningekuambia anza na maji.

Kisiwa hiki hakina mto wa maji matamu. Maji ya mfereji yanatoka mbali: Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, Tiwi, na chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Mvua inanyesha vilima vya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inapita chini kwa chini hadi Mzima, ndipo iingie bombani kuja kwetu. Ukijua safari hiyo, mkono unakuwa mzito kumwaga ndoo ovyo. Kwenye nyumba niliyopanga mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, na kuna wiki haukutoa hata tone. Siku nyingine zote tulimngoja muuza maji na mkokoteni wake.

Mwaka wa kwanza sisi watatu tulimaliza mitungi mitano ya lita 20 kila siku. Mtungi shilingi 20, kwa mwezi ni 3,000, na hapo hujala. Aliyetufungua macho ni mama mwenye nyumba. Alitukuta tukimwaga maji ya kusuuzia nguo uani, akasimama na kutuangalia, akasema: "Wanangu, maji hayo yana kazi tatu, nyinyi mwayapa moja."

Tangu siku hiyo maji ya kusuuzia yakawekwa kando kulowekea nguo za mkupuo wa pili, kisha yakapiga deki, yaliyobaki yakaenda chooni. Halafu kulikuwa na kisima nyuma ya nyumba, maji yake ya chumvi, bure kabisa. Tulikuwa tunakikwepa kwa sababu ukitia sabuni haitoi povu, inaganda vipande vyeupe vinavyoelea juu. Lakini choo hakihitaji povu. Tulipoanza kuteka kisimani kwa ajili ya choo na sakafu, tukashuka hadi mitungi mitatu kwa siku. Ni shilingi 1,200 zilizobaki mfukoni kila mwezi, na kwa mwanafunzi hizo ni pesa. Ila maji ya kisima usiyanywe wala usipigie mswaki: visima vya mjini na vyoo vya shimo vimekaa karibu karibu mno.

Na kila chombo cha maji kiwe na kifuniko. Hili nakusisitizia. Mombasa imepata milipuko ya dengi na chikungunya, na mbu anayeeneza magonjwa hayo hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba zetu. Mwenzangu mmoja wa chumba alilazwa siku nne wakati wa mitihani. Baada ya hapo ndipo tulinunua ndoo zenye vifuniko. Tungenunua mapema.

Kwenye chakula siri ni kupika pamoja. Tulichanga tukanunua mtungi mmoja wa gesi wa kilo 6, na kila mtu akawa na siku zake za jikoni. Ukipika peke yako unatumia moto uleule kwa sahani moja. Pojo (ndengu) tulikuwa tukiziloweka usiku, asubuhi tunazichemsha robo saa hivi, kisha sufuria na kifuniko chake inafungwa kwa leso mbili na blanketi zee, inatiwa ndani ya katoni. Twende darasani, turudi saa saba mchana: ukifungua leso ya mwisho mvuke unakupiga usoni, na pojo zimepasuka zimelainika. Kilichobaki ni kuzirudisha motoni zichemke tena, vitunguu na tui la nazi mwisho. Gesi iliyokuwa ikiisha kwa wiki tatu ikawa inafika wiki tano. Maharagwe mekundu usiyafanyie hivyo, hayo yachemshwe motoni mpaka yaive, yakiwa nusu mbichi yanaumiza tumbo vibaya.

Maganda ya ndizi na ya viazi usiyachanganye na takataka nyingine. Mtaani kwetu kulikuwa na jirani mwenye mbuzi, tukawa tunampelekea kila jioni. Pipa letu likabaki na karatasi na plastiki kidogo tu, halinuki, na nzi wakahama. Uchafu wa mji ulikuwa ukimwagwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, kila mgeni akiingia kisiwani anaziba pua. Sasa pale pamepandwa miti, na taka zinapelekwa Mwakirunge, ambako nako kuna watu wanaoishi. Kwa hiyo gunia moja unalopunguza ni gunia ambalo hawatavuta moshi wake.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi ukienda soko la Kongowea nenda na kikapu cha ukili. Nguo nunua mitumba. Sina la kuongeza hapo.

Jambo la mwisho ni vyama vya mazingira chuoni. Jiunge, lakini uliza kabla ya kushika jembe. Mwaka wangu wa pili tulikwenda hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, vijana kama arubaini, tukapanda miche ya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, kwenye tope la mbele kabisa, panapogusana na maji. Tulipiga picha, tukafurahi. Likaja bamvua, maji makubwa ya bahari, na tuliporudi wiki iliyofuata tulihesabu miche sita imesimama. Nilisikia uchungu sana. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akishona wavu pale, akatueleza bila kutucheka: mbele kule ni kwa mlilana, aina nyingine ya miti hiyo, unaostahimili mawimbi, nyuma yake ndio mahali pa mkoko, mkandaa hukaa juu zaidi, kuelekea nchi kavu. Akatuambia tungoje maji mafu, bahari inapokuwa haina nguvu. Safari ya pili tulipanda naye. Mbegu ya mkoko ni ndefu na nyembamba kama kijiti. Unaichomeka kwenye tope kwa ncha, theluthi moja ndani, wala huibonyezi kwa nguvu. Mwaka jana nilipita pale, mingine imenifika kifuani na imeshaanza kushusha mizizi yake ya magongo.

Ukija, fungasha leso mbili, ndoo ya kifuniko na kikapu. Mitungi ya maji utaipata kwa bei nafuu huku huku kwa wanafunzi wanaohama mwisho wa muhula. Ukikwama, niandikie hapa nikuelekeze.