Uliza Uambiwe: Steringi wa "The Good, the Bad and the Ugly" ni nani hasa?

SWALI: Shikamoo mzee wa muvi. Juzi tuliangalia na washkaji ile picha ya kauboi ya Clint Eastwood, The Good, the Bad and the Ugly, manake kila anayepanga picha bora za makauboi lazima aitaje. Sasa mi nikasinzia, kuja kushtuka bado wako jangwani tu. Mwanzo hakuna anayeongea, midomo haiendani na sauti, wanawake hamna, na huyo anayeitwa mwema nae ni tapeli. Wenzangu wananicheka eti sijui picha. Niambie ukweli, ni kali kweli au watu wanasifia kwa mazoea? Na steringi ni nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho, manake hilo likikaa sawa mengine yanakuwa mepesi. Steringi ni Tuco, yule "Ugly", aliyeigizwa na Eli Wallach. Najua sura ya Eastwood ndo imejaa kwenye posta, lakini we angalia nani anaongea, nani anakimbia, nani anatukana, nani tunajua kwao ni wapi. Eastwood hata jina lake halisi hatuambiwi, hilo la Blondie anaitwa na Tuco huyohuyo, na Lee Van Cleef, yule "Bad", anatokea anaua anapotea mpaka unamsahau. Aliyebeba mzigo ni Eli Wallach. Hata Ennio Morricone, mtunzi wa ule muziki, kila mtu kampa chake, Blondie filimbi, Van Cleef okarina (kifilimbi cha udongo), Tuco kapewa sauti za watu. Mi hiyo naichukulia kama ushahidi.

Rudia ile sehemu ya kwa kaka yake padri, kama hukuwa umelala. Wanagombana pale, Tuco anamwambia kwa maskini wa kwao njia zilikuwa mbili tu, upadri au ujambazi, wewe ulichagua yako na mimi yangu, na yangu ndo ngumu zaidi. Wanapigana. Afu anatoka nje anapanda gari la farasi anaanza kumdanganya Blondie kwamba kaka yake anampenda ajabu, na Blondie aliyesikia kila kitu hasemi neno, anampa sigara yake avute. Hakuna risasi hata moja hapo na ndo sehemu naipenda kuliko zote, sasa mtu anayeangalia kwa kumsubiri Eastwood apige bastola hapo lazima asinzie tu.

Kuhusu midomo uko sahihi kabisa na wenzako wasikutishe. Mwongozaji Sergio Leone alikuwa Mtaliano, picha ni ya 1966, ameipiga Hispania, kule Almería na juu huko upande wa Burgos, waigizaji wengine Wamarekani wengine Wataliano wengine Wahispania, kila mtu anaongea lugha yake na sauti zikaja kuingizwa baadae studio. Na kama mliangalia ile ndefu ya karibu saa tatu ndo balaa zaidi, manake miaka ya 2000 walirudisha vipande vilivyokuwa vimekatwa, Eastwood na Wallach wakaitwa kuvitia sauti ya Kiingereza wakiwa wazee tayari, kwahiyo unamwona Tuco wa 1966 anaongea kama babu. Kile kipande cha pangoni Tuco akitafuta wenzake wa kumsaidia ni kimoja wapo na kinachosha kweli, mi ningekiacha kilikokuwa. Tafuta ile ya dakika 161.

Wanawake nako huna wa kukupinga. Mwanamke mwenye maneno ya maana ni mmoja, na kazi yake ni kupigwa na Van Cleef. Ni aibu ya picha. Halafu kuna sadfa nyingi mno, Blondie yuko karibu kufa jangwani, gari la farasi lenye maiti linatokea lenyewe na ndani kuna mtu anayejua dhahabu ya dola 200,000 ilipofukiwa! Na ile dainamaiti wanayolipulia daraja, stori iko 1862 wakati Nobel aliyeivumbua kaisajili 1867, ila hilo halinisumbui sana.

Daraja lenyewe watu wanalilalamikia kwamba linachelewesha dhahabu. Mi nakataa. Pale ndo unaona wale wezi watatu ni wadogo mno mbele ya majeshi mawili ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani yanayomalizana kila siku kwa ajili ya kijidaraja, na yule kapteni mlevi anatamani lilipuliwe tu yaishe. Kwenye upigaji picha lililipuliwa kimakosa kamera zikiwa hazijawaka, jeshi la Hispania likalijenga upya likalipuliwa tena.

Ila pambano la mwisho la watu watatu makaburini, maelfu ya makaburi ya uongo yaliyochimbwa na wanajeshi wa Hispania, dakika nzima nzima za macho na mikono na muziki unapanda, hapo hata wewe wa usingizi najua ulikaa wima. Nalo nina kinyongo nalo: kumbe bastola ya Tuco ilishatolewa risasi na Blondie. Huyo mwema wenu alikuwa anapambana na mtu mmoja tu.

SWALI: Kaka, nasikia kuna nyengine mbili za kabla ya hii. Lazima nianze na hizo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Sio lazima. Ni A Fistful of Dollars ya 1964 na For a Few Dollars More ya 1965, Eastwood yuleyule, ila stori haziungani. Tena hii ya tatu ni kama imetangulia zote, manake lile poncho (joho) analovaa kwenye hizo mbili analipata huku mwishoni. Cha kuangalia ni kwamba kwenye ya 1965 Van Cleef ni mtu mwingine kabisa na yuko upande mzuri, usije ukakaa saa mbili unasubiri amgeuke mwenzie.