"Ngazi ya 3" si hatua ya ugonjwa: majibu kwa wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo

*Mwanangu ana miaka 4. Kwenye kadi wameandika "GMFCS III". Wifi yangu anasema ugonjwa umefika hatua ya tatu. Silali. (Mama, Morogoro)*

Pole sana, mama. Wifi amekosea. Jeraha la ubongo lililoleta mtindio halizidi kuenea. GMFCS ni ngazi za kujongea, na hiyo III ni ngazi ya 3. Ngazi hizo ziko 5, zilitolewa mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake, na zinaeleza jinsi mtoto anavyojongea siku zote, nyumbani na nje. Wa ngazi ya 1 anatembea bila kushika kitu. Wa 3 anatembea akishika fremu au magongo. Wa 5 hata kukimudu kichwa ni kazi, husukumwa kwenye kiti. Kwa hiyo kadi inasema mwanao ni wa kutembea na kifaa. Ukirudi kliniki, uliza kifaa chake kinapatikana lini.

*Siku ya kipimo alilia mwanzo mwisho. Nyumbani anakaa mwenyewe! Wameandika alama za chini. (Mama, Tanga)*

Inaniuma kila ninapoisikia hii. Kipimo hicho cha kujongea, GMFM, kina vipengele 88: kulala na kujiviringisha, kukaa, kutambaa na kupiga magoti, kusimama, halafu kutembea, kukimbia na kuruka. Kila kipengele kina alama 0 hadi 3, na mtoto anaruhusiwa kujaribu mara tatu.

Chukua kimoja. Mtoto amekaa mkekani, kigari cha kuchezea kiko mbele yake. Akiinama akashindwa kuinuka, 1. Akikigusa kisha akajiinua kwa kuegemea mkono, 2. Akiinuka bila kuegemea, 3. Huo mkono mmoja sakafuni ndio tofauti yote, na mtoto anayelia hawezi kukuonyesha. Omba amaliziwe siku nyingine ya karibu. Aje ameshiba na amelala vya kutosha, na mchukulie kitu anachokipenda. Video ya simu haihesabiwi kwenye alama, lakini njoo nayo, maana ngazi hutazama anachofanya kila siku.

*Wangu ana miaka 9. Mwaka mzima alama hazijapanda. Nalipia mazoezi ya nini? (Baba, Mombasa)*

Baba, mtoto hajazembea, wala wewe. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa watoto 657 wa Ontario, Kanada. Uwezo wa kujongea ulipanda haraka miaka ya mwanzo, kisha ukatulia: kwa wa ngazi ya 1 karibu na miaka 5, kwa wa ngazi ya 5 mapema zaidi, kabla ya miaka 3. Kwa miaka 9, alama kusimama ni jambo la kutarajiwa. Mazoezi sasa yana kazi nyingine: misuli isikaze, nyonga zisiharibike. Kaa na mtaalamu mchague lengo la nyumbani, mfano kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kubebwa, mlipime hilo.

*Je, ngazi inaonyesha akili? Na mikono? (Mlezi, Mwanza)*

Akili, hapana, hata kidogo. Shule isimkatae kwa namba hiyo. Mikono ina kipimo chake, MACS, kwa wa miaka 4 hadi 18. Watakuuliza anavyoshika kijiko na anavyofunga vifungo, kwa hiyo mwangalie vizuri wiki hii akila.