Chambo kinaliwa, chubwi linatambaa: kuvua ufukweni Likoni mwisho wa kaskazi

SWALI: Salaam aleikum fundi. Navua kwa rodi Shelly Beach, Likoni, kila Jumamosi kuanzia saa 11 jioni. Rodi ni ya futi 12, mshipi wa nailoni wa milimita 0.30, chubwi (kizito cha kuzamishia ndoana) la duara la gramu 60, ndoana 4/0, na chambo ni kamba wa friji. Natupa mbali niwezavyo. Kaskazi yote hii ndoana inarudi tupu, chubwi linatambaa mpaka linanasa mwambani, na mara mbili mshipi umekatika nikitupa. Je, ninunue rodi ya futi 14 nifikie maji marefu? Na wiki hizi za mwisho kabla ya masika, samaki wapo kweli?
Msomaji, Mtongwe

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Samaki wapo. Rodi ya futi 14 iache dukani. Mawimbi makubwa yanavunjikia mwambani kule nje, na kutoka pale hadi mchangani ni uwanda wa maji mafupi: mchanga, mwani na mawe. Ukiongeza mita 40 za kutupa umeongeza mawe tu. Kina cha pale kinaletwa na maji kujaa, na hiyo Jumamosi yako ya saa 11 haijali maji yako wapi.

Tuanze na mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Mombasa hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Bamvua likianza hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 alasiri, kisha saa husogea mbele kila siku, kwa wastani dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanapanda mita moja na kidogo tu, na saa zimegeuka, kiasi kwamba saa 10 au 11 jioni ndipo yamepwa. Kwa hiyo Jumamosi moja unatupa kwenye maji yaliyojaa, Jumamosi ya pili unatupa kwenye maji ya magotini yasiyokwenda popote.

Lenga siku ya 3 hadi ya 5 baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa baina ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, kwa hiyo yanapanda jua likizama. Mwisho wa kaskazi upepo unalegea na maji yanakuwa meupe sana. Mchana samaki anakiona kivuli chako na mshipi wako, magharibi anapata ujasiri wa kusogea. Changu, chaa na mkundaji hupanda uwandani pamoja na maji kufuata kaa na minyoo, na kolekole huwafuata wadogo. Fika saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, ondoka saa moja baada ya kuanza kupwa. Saa kamili zitoe kwenye jedwali la maji la Kilindini, usikisie.

Sasa mahali. Chagua asubuhi moja ya bamvua, vaa viatu vya soli ngumu, ushuke saa 4 maji yakiwa yamepwa. Utaona kila kitu utakachokuwa unakivulia gizani: mifereji inayopeleka maji mlangoni mwa mwamba, mashimo, na vipande vya mchanga mweupe katikati ya mwani. Tafuta ukingo wa mfereji ulio mita 25 hadi 40 kutoka utakaposimama maji yakijaa. Simama juu ya mstari wake, geuka nyuma, uchukue alama mbili zilizopangana nchi kavu, mathalani mnazi wa mbele na pembe ya ukuta nyuma yake. Jioni ukizipanga tena alama zile, unatupa palepale. Usikae uwandani maji yakianza kurudi: mifereji hujaa kwanza, na unaweza kujikuta umezungukwa huku kiwanja ulichosimama bado ni kikavu.

Chubwi la duara linatambaa kwa sababu halina pa kushika. Mchangani tumia lenye pande nne lililochongoka, la gramu 90, linajizika. Penye mawe hata hilo litanasa, kwa hiyo weka kitu usichokililia, kama plagi kuukuu ya gari au nati kubwa, na ukifunge kwa uzi dhaifu wa 0.25 wa urefu wa sentimita 15. Kikinasa, uzi huo ndio unaokatika na samaki wako anabaki. Lakini mtego wa namna hiyo unabembezwa tu. Ukiutupa kwa nguvu, uzi dhaifu utakatika hewani.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mishipi yako miwili iliyokatika. Kwa kutupa kwa nguvu, hesabu ya kawaida ni kilo 5 za uimara wa mshipi kwa kila gramu 30 za chubwi. Gramu 60 zinataka kilo 10, na nailoni ya 0.30 hubeba kilo 6 au 7 ikiwa mpya. Ilikuwa lazima ikatike. Huna haja ya kubadilisha rili nzima: funga mbele mshipi mnene wa 0.60, urefu wa mita 9 au 10, ili ukiwa tayari kutupa uwe umezunguka rili mara kadhaa na fundo liko ndani. Loweka fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu inajiunguza yenyewe. Shelly Beach ina waogaji. Chubwi lililokatika likimpiga mtu kichwani si ajali ndogo.

Ndoana 4/0 ni ya chewa. Changu na chaa wana midomo midogo. Wanadonadona kamba mpaka anaisha, chuma hawakigusi. Teremka hadi namba 2 au namba 1. (Namba za ndoana zinapotosha: 1 ni kubwa kuliko 4, ila 4/0 ni kubwa kuliko 1/0.) Uzi wa ndoana uwe wa 0.40, sentimita 25, ufungwe sentimita 40 juu ya chubwi, chambo kielee juu ya mwani na kaa wasikifikie kwa urahisi.

Kamba wa friji akiyeyuka ni laini, anang'oka wakati wa kutupa. Huenda mara nyingine umekuwa ukivua kwa ndoana tupu tangu mwanzo. Nunua ngisi mbichi, kata ukanda wa sentimita 6 kwa 1.5, uchome mara mbili, uache ncha ya ndoana wazi. Ukitaka harufu ya kamba, mlaze juu ya ngisi na uzungushe uzi mwembamba wa mpira mara nane hivi. Vuta ukague kila dakika 10, na usome kinachorudi. Ngisi aliyechanikachanika pembeni ameliwa na kaa: inua chambo juu zaidi. Alama ndogo za kudonolewa ni za samaki wadogo: ongeza ukubwa wa ngisi, usiongeze ndoana. Uzi uliokatwa safi kama kwa mkasi ni bunju au msusa. Akizidi, sogea mita 50, usifunge ndoana kwa waya ili asiikate, kwani waya utawatisha changu.

Ukidonwa, usikurupuke. Ngoja rodi iiname na ibaki imeinama, ndipo uinue kwa uthabiti. Kwa ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kuelekea ndani, usinyakue kabisa, zungusha rili tu.

Bunju usimle kwa namna yoyote. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Ngogo na tafi wana miiba yenye sumu, washike kwa koleo na tambara nene. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto kiasi unachovumilia, karibu nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe kwanza na mtu asiyechomwa, kwani mkono ulioumia hauhisi joto sawasawa na unaweza kuungua. Kifua kikibana au uvimbe ukipanda, ni hospitali.

Ukifikiria kuhamia upande wa Nyali na Bamburi, kumbuka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa hakuvuliwi kabisa. Waulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mipaka kabla ya kutupa.