Kabla Hujaandika Neno "Adimu" Kwenye Rejista

Wiki iliyopita nilipitia rejista ya kadi za stereoskopu, zile za zamani zenye picha mbili pacha zinazotazamwa kwa kifaa cha lenzi mbili hadi zionekane kuwa na kina, inayoandikwa na vijana wapya tunaofanya nao kazi hapa Iringa, nikakuta neno "adimu sana" limeandikwa mara kumi na moja kwa mchana mmoja, na mara saba kati ya hizo ni kwenye kadi za maporomoko ya Niagara. Wadogo zangu, Niagara palikuwa na wapiga picha walioendesha maisha yao kwa kuwauzia watalii kadi hizohizo. Nawapenda, lakini rejista si kadi ya harusi ya kupambwa kwa sifa.

1. Kukosa kitu kwenye intaneti hakuthibitishi uadimu. Mara nyingi kunaonyesha tu kwamba umetafuta maneno yaliyoandikwa kwenye kadi, ukaiacha picha yenyewe. Negativu, yaani picha za asili ambazo nakala huchapishwa kutoka kwazo, zilikuwa mali ya kuuzwa na kunyang'anywa: Mmarekani Carleton Watkins, aliyepiga picha bonde la Yosemite la California kwa ustadi mkubwa, alifilisika katikati ya miaka ya 1870, na mpiga picha mwenzake Isaiah Taber akaendelea kuzichapisha picha zake kwa jina la Taber. Negativu za kampuni ya kadi ya Underwood & Underwood nazo ziliishia kwa kampuni shindani ya Keystone, kwa hiyo mlima uleule unaweza kuwa na majina mawili na namba mbili. Kinyume chake pia hutokea, kwa kuwa wapiga picha walirudi mahali palepale kila mara, na kadi mbili zenye jina moja zikawa picha tofauti kabisa. Anzeni na mkusanyiko wa Robert N. Dennis katika Maktaba ya Umma ya New York, wenye kadi zaidi ya 70,000, mkilinganisha jiwe kwa jiwe na tawi kwa tawi.

2. Kadi yenyewe husema umri wake. Stempu ya kodi ya Marekani nyuma ya kadi inaelekeza kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, kadi iliyotengenezwa ikiwa imepinda haitangulii mwisho wa miaka ya 1870, na ukiona vitone vya rangi chini ya kioo cha kukuzia, hiyo ni kazi ya mtambo wa kuchapia, si picha iliyotoka kwenye negativu, iweke pembeni.

3. Jina la kampuni lisikupumbaze. Hapa ndipo nilipoungua mimi.

Miaka tisa iliyopita mwalimu mmoja mstaafu wa Tukuyu aliniita nikaangalie sanduku aliloachiwa na baba yake, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Juu kulikuwa na kadi arobaini hivi za Keystone, na chini kabisa, ndani ya gazeti, vioo vidogo kumi na viwili vya picha pacha, vya milimita 45 kwa 107, visivyo na jina wala namba. Nilikiinua kimoja dirishani, nikaona migomba na mlima, nikahitimisha kwamba ni mambo ya mtu binafsi, yasiyo na thamani. Kisha nikachukua kadi ya Matterhorn, mlima wa Uswisi, nikatafuta jina lake kwenye simu kwa dakika kumi, nikakosa, nikamtamkia mzee yule mbele ya wanawe kwamba huenda hakuna nyingine duniani. Mzee akaanza kuhesabu mabati.

Niliondoka na sanduku lote kwa makubaliano ya kulichunguza. Kadi nilizipakata mapajani kutoka Tukuyu hadi Iringa kama mtoto mchanga. Vioo vilikaa ndani ya begi, na begi likakaa kwenye buti la basi, chini ya magunia ya viazi. Nilipolifungua nyumbani, vitano vilikuwa vimevunjika. Vile vizima nilivitazama kwa stereoskopu kwa mara ya kwanza, na Mlima Rungwe ukasimama mbele yangu ukiwa na kina chake chote, na kingine kilikuwa Daraja la Mungu, lile daraja la mawe la asili juu ya mto Kiwira, ambapo ungeweza kuhisi ukipiga hatua moja utatumbukia. Hadi leo sijaona nakala ya hata kimoja. Ile Matterhorn niliikuta mara nne ndani ya siku mbili, mara tu nilipotafuta picha badala ya jina, na moja ilikuwa inauzwa kwa bei isiyofika nauli yangu.

Nilirudi kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo mwanangu, nilichokuwa nacho umekivunja, na nisichokuwa nacho ndicho ulichonisifia." Mkewe akaniletea chai na ndizi za kupika, jambo lililoniumiza kuliko kama wangenifukuza. Mabati yalikuja kununuliwa na mwanawe, miaka mitatu baadaye.

4. Vioo husimamishwa kwa ukingo wake mrefu, kila kimoja na karatasi yake, wala havilazwi kimoja juu ya kingine.

5. Badala ya "adimu", andikeni mmeona nakala ngapi, wapi, na tarehe gani mlitafuta. "Nakala 0, makusanyo 3" ni sentensi ya heshima. Zile Niagara saba zifanywe upya kabla ya Alhamisi, na aliyeondoka na kioo changu cha kukuzia akirudishe, maana mistari ya rejista yenu nami siioni bila hicho.