Simu inachaji au inachajiwa? Kwanza tuulizane chaja iko wapi

Msomaji kauliza hivi: mwanae wa kidato cha pili kaandika kwenye insha "nililala simu ikiwa inachaji", mwalimu akaikata kwa wino mwekundu akaandika juu yake "inachajiwa", na sababu aliyotoa ni kwamba simu haiwezi kujichaji, chaja ndo inaichaji. Sasa mzazi anataka kujua mtoto kakosea wapi.

Hajakosea, ndugu yangu. Kuna sababu ya sarufi na kuna sababu ya umeme, na ya umeme ndo nitaikalia zaidi maana hoja yote ya mwalimu imesimama hapo.

Sarufi ni fupi. Vitenzi vyetu vingi vina jozi, nachemsha maji, maji yanachemka, najaza ndoo, ndoo inajaa. Vya kukopa vingi vimeingia bila hiyo jozi, kwa hiyo watu wakatumia kitenzi kilekile pande zote mbili: nimepaki gari na gari imepaki nje, nastati pikipiki na pikipiki haistati, nadaunlodi faili na faili inadaunlodi. Kuchaji kuko humohumo, na ndivyo watu wanavyosema kila siku.

Sasa umeme. Kile kichwa unachochomeka ukutani tunakiita chaja lakini hakichaji betri, kazi yake ni kuushusha umeme wa nyumbani wa volti 230 au 240 uwe volti 5, au 9 kama ni ya kuchaji haraka, basi, kinaishia hapo. Chaja yenyewe, yaani kinachoamua betri ipewe kiasi gani na ikatwe lini, ni chipu ndogo iliyolehemewa kwenye bodi ndani ya simu, mafundi wanaiita aisii ya chaji.

Na hiyo chipu ina kazi kwelikweli. Betri ya lithiamu ya kawaida ikijaa inakuwa na volti 4.2 (nyingine za siku hizi zinavuka kidogo), ukiipitisha hapo unaiua na inaweza hata kushika moto, kwa hiyo huwezi kuiunga tu kwenye volti 5 ukaenda kulala. Chipu inaanza kwa kupima, ikikuta betri imekauka chini ya volti 3 hivi inaipa mkondo kidogo kwanza mpaka ipande, ndo inafungulia mkondo mkubwa usiobadilika, betri ikigusa 4.2 inaishikilia volti hapohapo na mkondo unapungua wenyewe taratibu, ukishuka mpaka karibu sehemu ya kumi ya ule mkubwa au chini yake, inakata. Ndo maana asilimia za mwisho zinachelewa hivyo hata ukibadilisha waya. Na muda wote huo inafuatilia joto la betri, kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 haitakiwi kuchaji kabisa, likipita nyuzi 45 hivi inapunguza au inasimama.

Chipu za mwanzo zilikuwa zinaishusha volti kwa kuigeuza ziada yote kuwa joto. Piga hesabu mwenyewe, umepokea volti 9, betri iko 3.7, unaipa ampia 3, hapo karibu wati 16 zinaunguzwa bure ndani ya simu uliyoishika mkononi, haiwezekani. Za sasa zina swichi inayowasha na kuzima mara milioni 1.5 au hata 3 kwa sekunde, pamoja na koili inayotunza nishati na kuiachia, kinachopotea ni kama asilimia 10 tu, na cha ajabu mkondo unaotoka unakuwa mkubwa kuliko ulioingia: ampia 2 kwenye volti 9 zinaweza kuifikia betri zikiwa karibu ampia 4, sababu volti imeshuka. Chipu hiyohiyo inailisha simu huku inachaji, kwa hiyo unaweza kupiga simu katikati, na ikiona kichwa cha ukutani kimezidiwa inapunguza yenyewe inachovuta.

Kwa hiyo simu ndo inajichaji kweli. Mtoto arudishiwe maksi zake. Hoja ya mwalimu ingefaa enzi zile za kuchomoa betri na kuibana kwenye chaja ya kobe, hapo chaja ilikuwa nje kabisa na betri ilikuwa inachajiwa.

Lakini "inachajiwa" usiitupe, ni Kiswahili safi, hasa ukimtaja anayetenda: simu zinachajiwa na mwenye kibanda, betri zinachajiwa na sola. Kichwa cha ukutani nacho tuendelee kukiita chaja, kila mtu anaelewa, ila ukiandika maelezo ya kiufundi tumia adapta ili chaja ibaki kwa ile chipu.

Ninachoomba watu watofautishe ni "haichaji" na "haichajiki", hapo maana inabadilika kabisa. Ukimwambia fundi simu haichaji, ataanza na waya, aje kwenye sistimu chaji, yaani tundu la kuchomekea waya, labda imejaa vumbi tu, halafu ndo aiangalie aisii. Ukimwambia betri haichajiki umeshamwambia betri haipokei tena, imekufa, na atakuletea mpya bila kupima.